Naomba ushauri: Galaxy A15 au Redmi Note 13?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nataka kumnunulia dada yangu simu. Anauza viazi karai na samaki wa kupaka hapa Likoni, na wateja wengi huagiza kwa WhatsApp wakalipa kwa M-Pesa, kwa hivyo simu ndiyo duka lenyewe.

Nimebakiwa na mbili. Samsung Galaxy A15 imeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 5, na hilo nalipenda sana, maana simu hii atakaa nayo. Lakini chaja haimo ndani ya boksi, inachaji kwa wati 25, na haina kinga rasmi ya maji. Redmi Note 13 inachaji kwa wati 33 na ina kinga ya IP54, yaani vumbi na matone ya maji haviisumbui sana. Kamera yake ni megapikseli 108, ingawa kwa picha ya sahani ya chakula sioni haja ya zote hizo. Betri ni sawa, 5000 mAh kila moja.

Kinachonitia wasiwasi ni chumvi na joto la huku kwetu. IP54 haipimi chumvi, na dada hushika simu kutwa na mikono yenye mafuta.

Mlio nazo hapa Mombasa, tundu la chaji halishiki kutu? Na kioo kikipasuka, cha ipi hupatikana orijino kwa mafundi wa mjini bila kuzungushwa? Nisaidieni kabla sijalipa, tafadhali.