Ejenti anataka 150,000 anipeleke Ujerumani, nitoe ama niachane naye?

Mtoto wa Nyalenda
Habarini wakubwa kwa wadogo. Niko na miaka 22, niko hapa Kisumu, nilimaliza diploma ya upishi mwaka jana na tangu hapo ni vibarua tu vya harusi na matanga. Kuna ejenti hapa tao anasema kuna kazi ya kupaki matunda Ujerumani, anataka 150,000, nusu saa hii nusu viza ikitoka. Mama ameshaanza kuongea mambo ya kuuza ng'ombe, na huyo ng'ombe ndiye tunakamua, ndio maana silali. Mimi sitaki kukaa huko milele, nataka nifanye kazi kama mwaka mmoja nione dunia nirudi. Nimesikia pia kuna viza ya kuzunguka Australia ukifanya kazi ya shamba, sisi tunaweza? Mwenye amepitia anisaidie.

Dada wa Section 58
Mdogo wangu usiuze ng'ombe. Hiyo ya Australia itoe kwa akili, ni ya nchi zenye zimekubaliana nao na Kenya haimo, New Zealand pia hatumo. Ujerumani nilienda mwenyewe kama au pair na sikulipa ejenti hata shilingi. Unaishi na familia, unaangalia watoto na kusaidia kazi ndogo za nyumba, isizidi masaa 30 kwa wiki, unapewa Euro 280 kwa mwezi za mfukoni, chumba, chakula na bima ni juu yao, na wanachangia Euro 70 kila mwezi za kusoma Kijerumani. Ni mwaka mmoja tu. Uwe na 18 kwenda juu na usiwe umefikisha 27 ukiomba viza, na uwe na Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kwanza kabisa. Mimi nilisoma miezi mitatu nikafanya mtihani Goethe, ile taasisi ya Kijerumani pale Nairobi, gharama yangu ikawa hayo masomo, pasipoti, viza na tiketi basi.

Lakini usitegemee kujenga na hiyo pesa. Na upweke upo. Jioni ya kwanza nilikaa mezani nikingoja chakula kipikwe, kumbe ule mkate na jibini na matango ndio sapa yenyewe, nikalala nikiwaza ugali na sukuma. Mwenye alinishika mkono ni mtoto wao wa miaka minne, nikikosea neno ananishika shavu anarudia polepole mpaka niseme sawa. Mpaka leo mama yake akinipigia anamnyang'anya simu.

Baba Juni, Kakamega
Sikiza dadako. Mimi 2022 nilitoa 80,000 za kazi ya Qatar, nikapewa risiti iko na muhuri. Siku ya kuchukua tiketi nikapanda ngazi nikakuta kufuli mpya mlangoni, mama mwenye huuza viatu hapo chini akaniangalia akasema "wewe ni wa nne leo". Hiyo pesa ilikuwa ya chama ya mke wangu na tulilipa mwaka mzima.

Muulize huyo jamaa leseni ya National Employment Authority, ile ofisi ya serikali ya mambo ya ajira, halafu usiamini karatasi yake, ingia saiti yao uangalie jina la kampuni mwenyewe. Akikwambia Ujerumani wanataka Wakenya 250,000 jua anakuuzia stori, ule mkataba wa kazi wa Kenya na Ujerumani ulisainiwa Berlin Septemba 2024 ni wa kweli lakini hiyo namba Wajerumani wenyewe waliikana. Na mtu asikuvute na kazi ya kompyuta Thailand, vijana wetu walienda hivyo wakajipata Myanmar wamefungiwa wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni.

Msafiri wa Busia
Kama ni kuona dunia anza na kitambulisho chako tu, Uganda na Rwanda unaingia nacho, beba na kadi ya homa ya manjano. Mimi nilipanda basi hapo Kisumu usiku, Busia tukashuka kugongewa muhuri, asubuhi niko Kampala, nikalala hosteli ya vitanda vya juu na chini na watu wa nchi tano. Ukifika Rwanda usiwe na karatasi za plastiki kwa begi, na ukivuka barabara angalia kushoto kwanza maana wanaendesha upande wa kulia, mimi pikipiki ilinikosa kidogo tu. Afrika Kusini pia tangu 2023 hatuhitaji viza, siku 90 kwa mwaka, lakini hiyo ni kutembea si kazi.

Mtoto wa Nyalenda
Asanteni sana, hata sijui niseme nini. Nimesomea mama haya yote jana usiku, ng'ombe anabaki. Baba Juni pole sana. Ejenti nimemuuliza namba ya leseni tangu asubuhi, ameona meseji hajajibu. Jumatatu naenda kuulizia darasa la A1. Dada, hiyo familia uliipata wapi?

Dada wa Section 58
AuPairWorld, ni saiti ya kukutanisha au pair na familia, unajiandikisha mwenyewe. Ongea nao kwa vidio zaidi ya mara moja, watoto wakiwepo, na uombe kuongea na au pair mwenye alikuwa hapo mbele yako, wakikataa achana nao. Waambie unapika, hiyo wanaipenda sana. Andika barua yako uniletee inboksi nikuangalilie makosa kabla utume.