Waandaaji wa safari za kuvua "kambale wa rekodi" bwawa la Nyumba ya Mungu, mnakula hela za watu na mnaua samaki bure

Wakuu, salamu baadaye.

Kila masika yakikaribia matangazo ni yaleyale: "Washkaji twende Nyumba ya Mungu, kambale wa kilo 30, perege wa asili, nyama choma, Jumapili jioni mko Arusha." Watu tisa wanabanwa kwenye Noah moja, fimbo nne, jaketi okozi mbili, za mtoto. Jumatatu inarushwa picha moja: kambale kapitishwa kamba shavuni, ananing'inia kwenye mti, na maneno chini yake eti bwawa siku hizi halina kitu, wamebahatika huyo mmoja.

Ni kweli bwawa limevuliwa sana, hakuna asiyejua. Lakini mnaopoteza kambale watatu kwa usiku mmoja mkarudi kusema hakuna samaki, mnatuona watoto. Samaki aliyekata mshipi alikuwepo. Amekwenda na ndoana yenu.

Tuanze na fimbo. Ile inayochomolewa kama antena ya redio, inayouzwa na rili yake (mashine ya kukunjia mshipi), mshipi wake na kiboksi cha ndoana ndani ya mfuko mmoja, ni ya perege wa saizi ya kiganja. Kwa kazi hiyo haina ubaya wowote. Ubaya ni wa anayemkabidhi mteja aliyelipia kambale. Vipande vyake vimeshikana kwa kubanana tu, hivyo samaki wa kilo 8 akigeuza kichwa kipande cha juu kinajizungusha, pete za kupitishia mshipi zinaangalia pembeni, mshipi unalala kwenye mwili wa fimbo na unaanza kujisugua. Kinachofuata mnakijua. Chukueni fimbo ya vipande viwili, mita 2.4 hadi 2.7, yenye uwezo wa kurusha gramu 80 hadi 150. Halafu kabla ya safari chukua kipamba, kipitishe ndani ya kila pete ukikizungusha. Kikinasa hata unyuzi mmoja, pete hiyo ina ufa, na ufa usioonekana kwa macho unanyoa mshipi kama wembe. Ni kazi ya dakika tatu kwa fimbo. Sijui mnayo haraka gani.

Mshipi nao. Spuli, yaani bobini ya mshipi, imekaa kwenye dirisha la duka mwaka mzima inapigwa jua, mnainunua kwa kuwa imeshushwa bei. Nailoni inaliwa na jua. Ikishakuwa na ukungu mweupe na ukiishika unaona imekakamaa na kujikunja kama chemchemi ya kalamu, hiyo ni ya kufungia nyanya shambani. Kwa kambale wa bwawa lile weka mono, yaani nailoni ya uzi mmoja, ya milimita 0.50, inayobeba kama kilo 15, isiyopungua mita 150. Na kila baada ya safari kata mita 10 za mbele utupe, maana hizo ndizo zilizosugua mawe na visiki.

Sasa tuje kwenye BREKI YA RILI, ile inayoamua mshipi utoke kwa nguvu kiasi gani, maana hapa ndipo ujinga wote unapokutania. Mnaikaza mpaka mwisho "ili samaki asiondoke". Mshipi wa kilo 15 ukishafungwa fundo haubaki wa kilo 15, fundo baya linaweza kula hata theluthi ya nguvu yake. Ongeza na mshtuko wa samaki anapoanza kukimbia. Breki inatakiwa iachie kwenye robo ya uzito wa mshipi, yaani kilo 4 hivi. Na haipimwi kwa kuvuta na vidole ukisema "iko poa". Funga ncha ya mshipi kwenye ndoano ya mizani ya kuning'iniza, mwenzako ashike fimbo kwa mlalo wa kuvulia, wewe vuta polepole na mizani ukisoma. Ikigota 4 rili iwe inaachia mshipi laini, bila kukwama na kuruka. Ikikwama, ondoa kishikizo cha juu, toa zile sahani za breki, zifute grisi chafu na mchanga, paka grisi kidogo ya breki za rili, rudisha kwa mpangilio uleule.

Kuna jambo wengi wanaojiita mafundi hawalijui. Kadiri mshipi unavyotoka, kipenyo cha mshipi uliobaki kwenye spuli kinapungua, na breki ambayo hujaigusa inazidi kuwa kali. Ulipima kilo 4 spuli ikiwa imejaa, samaki amevuta mpaka kipenyo kimebaki nusu, sasa unavutana naye kwa kilo 8. Halafu mwongozaji wako anapiga kelele nyuma, "Kaza! Kaza!" Pwaa. Kwa hiyo samaki akienda mbali unalegeza kidogo, hukazi. Rudia kusoma hapo.

Kipande cha mwisho kinachobeba ndoana, wengine mnakiita lida. Nyie hamuweki kabisa, mnafunga ndoana moja kwa moja. Kambale hana meno ya kukata lakini ndani ya mdomo ana ukanda wa vijino vidogo vingi kama msasa, na kwenye mapezi ya kifuani ana mwiba wenye meno ya msumeno. Akishikwa anajiviringisha, mshipi unamzunguka kichwani na kwenye ule mwiba. Mshipi wa 0.50 hauwezi kudumu hapo robo saa. Kifanyike hivi: chubwi yenye tundu katikati, gramu 60, iteleze kwenye mshipi mkuu, ifuate shanga ya plastiki ili chubwi isigonge fundo, kisha swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote), kisha nailoni nene ya 0.80, sentimita 50. Kisha ndoana duara, ile ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, namba 7/0. Chubwi ikiteleza, kambale anabeba chambo bila kuhisi uzito. Mkiifunga isimame pale, anaonja, anahisi jiwe, anatema.

Fundo: pitisha ncha kwenye jicho la ndoana, irudishe sambamba na mshipi, tengeneza kitanzi, zungusha ncha ndani ya kitanzi ukikumbatia nyuzi zote mbili mara tano, LOWANISHA kwa mate, ndipo ukaze taratibu. Kwa ile nailoni nene mara nne zinatosha, la sivyo halikazi vizuri. Ukikaza kavu, msuguano unaichoma nailoni. Angalia kwa karibu, utaona sehemu imejikunjakunja kama nywele iliyopitiwa na moto. Fundo hilo kata, anza upya.

Na ndoana duara HAIPIGWI. Naona video zenu, fimbo ikitikisika mtu anairusha nyuma kama anapiga jembe. Ndoana duara ukiishtua inatoka mdomoni ikiwa safi. Acha samaki aende, fimbo ipinde, anza kuzungusha krenki polepole, yenyewe inageuka na kunasa pembeni mwa mdomo. Ncha yake ibaki wazi. Mnaifunga na donge la matumbo ya kuku mpaka haionekani, itanasa nini sasa? Kipande cha samaki mbichi cha bwawani hapohapo, upana wa vidole viwili, kichomwe mara moja upande wa ngozi, basi. Ziwa Kariba wenzetu wanavua vundu, kambale mkubwa wa kule, kwa sabuni ya mche ya bluu, kwa hiyo msiniambie chambo ni tatizo.

Msimu. Mnauza safari za "kambale wa mafuriko" kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kwanza ya masika, kule mito ya Kikuletwa na Ruvu inakoingilia bwawani. Ni kweli wanapatikana kirahisi, hata kwa panga. Wanapatikana kwa sababu usiku ule wameingia kwenye maji ya goti kutaga. Jike lililojaa mayai mnalipiga picha tumbo limevimba mnaandika "mnene huyu". Subirini wiki chache, maji yatulie, wavue wakiwa wamerudi kwenye mkondo wa zamani wa mto ndani ya bwawa, usiku usio na mbalamwezi. Kazi ni kubwa zaidi, najua. Si ndiyo maana watu wanawalipa?

Halafu huu usanii wa "perege wa asili". Asilimia kubwa ya picha mnazoweka ni SATO. Tazama mkia: una mistari ya wima iliyopangika, mwembamba kwa mwembamba, kuanzia shinani mpaka ukingoni? Huyo ni sato, Oreochromis niloticus, mgeni bonde la Pangani. Hata Ziwa Victoria mnakosema ndiko kwao aliletwa, miaka ya 1950. Mwenye nusu ya chini ya mkia nyekundu au njano na nusu ya juu nyeusi yenye madoa ni mgeni mwingine. Perege wa bonde hili, Oreochromis jipe, hana ile mistari ya mkiani. Siyo ubishi wa majina. Sato anazaliana na perege wa asili, wanatoka machotara, na kila kizazi wa asili wanazidi kupotea. Sasa nyie mnabeba vifaranga vya sato kwenye ndoo kutoka mabwawa ya kufugia Moshi kwenda kuwa chambo hai, na vikibaki mnamwaga majini "viendelee na maisha". Kuna waliotangaza wanataka kupeleka mtindo huo Ziwa Chala. Chala ni kreta, maji yake yanapita chini ya ardhi, na lina perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kwingine popote duniani, na yuko kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Ndoo moja ya vifaranga inaweza kuwa mwanzo wa kummaliza. Chambo hai kutoka maji mengine: MARUFUKU. Kimebaki? Kaanga, ule.

Mkimpata huyo perege mkubwa wa asili, mwangalie kidevu kwanza. Jike la perege linalea mayai mdomoni. Kidevu kikiwa kimefura na mdomo haufungi vizuri, ana mayai au watoto. Ukimtoa majini anawatema, na wakishatawanyika hapo ndiyo basi, wenye njaa wanawasubiri. Huyo hatolewi majini hata kwa picha. Mlete ubavuni mwa boti, shika ndoana kwa koleo, geuza, mwache. Mnachofanya nyie ni kumbana mdomo na kile kikoleo cha kuninginizia samaki, mtu anacheka, mayai yanadondoka kwenye sakafu ya mtumbwi kama mtama. Nilitaka kuandika neno hapa, nimeacha.

Kambale naye asitundikwe kwa shavu. Kile kiungo anachovutia hewa ya juu kiko palepale juu ya mashavu, ukipitisha kamba umekichana. Tandika turubai, lilowe maji, mlaze, mfunike macho kwa kitambaa chenye maji, chomoa ndoana, pima ndani ya turubai hilohilo, toa uzito wa turubai. Kuvumilia nje ya maji anavumilia, lakini ute wake ukikauka na kushikwa na vumbi anakwenda kufia mbele ambako kamera haipo.

Leseni na jaketi sitapoteza muda. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, anayekuambia "imeshashughulikiwa" aonyeshe stakabadhi kabla hujapanda gari. Jaketi ni moja kwa kila kichwa. Bwawa lile lina mamba na viboko, na mnasukuma watu kwenye mtumbwi usiku bila taa. Na mkipita juu ya nyavu za wavuvi wa mwaloni mkazikata kwa pangaboi, lipeni. Wale ndio wanaowaonyesha samaki walipo.

NYONGEZA: walioniuliza inboksi kuhusu zile "kilo 30". Kambale wa mita moja kamili huwa na kilo 6 hadi 8, akiwa mnene sana labda 9. Ukiona picha samaki amesogezwa kwenye kamera mikono imenyooka mpaka viwiko vimefungana, gawanya kwa tatu. Mizani mnaikagua hivi: dumu litiwe maji lita 5 zilizopimwa, litundikwe, isome kilo 5 na gramu chache za dumu lenyewe. Ikisoma 7, mmeshajua rekodi zao zinatoka wapi.

Mwenye safari ya mwezi wa nne aweke hapa mambo matatu: picha ya rili ikipimwa na mizani, picha ya lida na ndoana atakazogawa, na idadi ya jaketi kwa idadi ya abiria. Akianza na "njoo inboksi kiongozi", ujue ni walewale.