Naombeni ushauri: skripti inasema programu iko hai, kumbe imekufa

Kijana wa Njiro
Wakuu, habari za usiku. Nina seva ya mteja wangu wa Moshi, anakodisha vifaa vya kupandia mlima. Kuna programu inaitwa risiti. Niliandika angalia_risiti.sh, inapita kila dakika na `ps aux | grep risiti` (ps inaorodhesha programu zinazoendelea, grep inachuja mistari yenye neno risiti), isipoiona, inaiwasha. Juzi programu ilikufa saa nane usiku, skripti ikaandika "iko hai" mpaka asubuhi. Nimekwama.

Fundi Sakina
Hiyo grep inajiona yenyewe, maana neno risiti limo kwenye amri yake. Na jina la skripti yako nalo lina risiti. Tumia `pgrep -x risiti`, inatafuta programu yenye jina hilo hasa.

Mama Kihamba
Mwanangu, umelipwa lakini? Mimi nilimtengenezea mtu wa Himo kompyuta za stoo ya mahindi, mpaka leo nadai. Kazi bila maandishi usiikubali.

Kijana wa Njiro
Nusu, mama. Mkuu Fundi, nilishahamia njia nyingine: namba ya prosesi, yaani ile mashine inayoipa programu inapowaka, naiandika kwenye faili, kisha `kill -0`.

Fundi Sakina
Hiyo haiui, inauliza tu kama namba ipo. Ya nani, haisemi. Faili liko wapi? Na ikijibu ndiyo, kinafuata nini?

Kijana wa Njiro
Liko kwenye folda ya /root. Programu ikikaa dakika kumi bila kuandika kitu, skripti inaipiga `kill -9`, yaani inaiua kwa nguvu, maana huwa inaganda. Jumapili umeme ulikatika. Uliporudi, skripti ikaua databesi. Nilisita kulisema hilo. Ila kill -9 siiondoi, ndiyo iliyoniokoa miezi yote.

Mzee Majengo
Chai hii. Namba zote hizo, iangukie databesi tu? Kijana anatafuta majibu ya usaili.

Fundi Sakina
Mzee, mashine ikiwaka namba zinaanza upya, na huduma zinaamka karibu kwa mpangilio uleule. Kijana, Jumapili faili lilikuwa na namba gani?

Kijana wa Njiro
871.

Fundi Sakina
Ndogo, ya dakika ya kwanza ya kuwaka. Safari hii databesi iliiwahi namba hiyo, kill -0 ikajibu ipo, risiti haikuwashwa kabisa. Kimya cha dakika kumi, ukaua jirani. Hamishia faili /run, linafutika mashine ikizima. Na kabla ya kuua chochote soma jina la mwenye namba hiyo kwenye /proc, mfano /proc/871/comm. Bora zaidi, ikabidhi risiti kwa systemd, msimamizi wa huduma wa mashine yenyewe, yenye `Restart=always` ili iiwashe ikifa, uulize `systemctl is-active risiti`.

Mzee Majengo
Kwa namba hiyo nakuamini, kijana. Samahani.

Kijana wa Njiro
Nitahamisha faili na kusoma jina. systemd bado, nikiigusa sasa naogopa kuharibu zaidi.

Mama Kihamba
Na mwenye mali anajua?

Kijana wa Njiro
Databesi iliamka salama, mama. Lakini risiti za Jumapili jioni hazikutoka, na sijamwambia. Kesho napanda gari la alfajiri.