Mdogo wangu anakakamaa kwa dawa za akili: tumpate wapi daktari bingwa?

Dada wa Nansio:
Ndugu wanajamvi, habari za leo. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 24, anatumia haloperidol, kidonge cha miligramu 5 asubuhi na kingine jioni, pamoja na sindano ya fluphenazine anayochomwa kila mwezi katika kituo cha afya kilicho karibu nasi hapa Ukerewe. Sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini mwili umekakamaa, anatembea bila kupunga mikono, udende unamtoka, na yeye aliyekuwa fundi wa nyavu sasa sindano ya kushonea inamponyoka kabla hajamaliza jicho moja. Kituoni tuliambiwa tuvumilie. Baba anataka tuziache dawa twende kwa mganga. Je, Mwanza mjini tuanzie wapi?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana, dada. Haloperidol hunyamazisha sauti kwa kuizuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na dopamini hiyohiyo ndiyo inayoongoza mwendo wa misuli, ndiyo maana anakakamaa. Hayo si ya kuvumilia tu. Daktari anaweza kupunguza dozi, kuongeza benzhexol, dawa ya kupunguza kukakamaa huko, ambayo wengi tumezoea kuiita artane, au kumhamishia kwenye dawa kama olanzapine, ingawa hiyo nayo hunenepesha. Naomba msiziache kwa uamuzi wenu, kwa sababu ugonjwa unaweza kurudi, na vilevile sindano hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuacha vidonge leo hakutaondoa kukakamaa kesho. Jambo moja tu halingoji miadi: akipata homa kali huku mwili umekaza kama ubao na akili imevurugika, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Mkazi wa Nyakato:
Dada, Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando ni ya kanda, yenye idara ya magonjwa ya akili. Ombeni barua ya rufaa kwanza, hasa kama mnatumia bima, la sivyo mtazungushwa dirishani.

Nilimpeleka mama yangu kwa bingwa miaka michache iliyopita, nikaacha dawa zote nyumbani. Daktari aliniuliza anatumia nini, nikajibu, "Vidonge vyeupe vidogo." Alinitazama tu. Nenda na bahasha zote za dawa, hata zilizokwisha, kadi ya kliniki, na tarehe ya sindano ya mwisho. Mrekodi pia kwa simu anapotembea na anapojaribu kushona, maana mgonjwa hujikaza mbele ya daktari. Kuhusu baba, usishindane naye. Mwombe aandamane nanyi, kwa kuwa mzee aliyesikia maelezo kwa masikio yake mwenyewe ndiye atakayesimamia vidonge nyumbani.

Dada wa Nansio:
Ahsanteni sana. Kumbe kwenye bahasha mojawapo imeandikwa artane, 1x1, na haijafunguliwa, kwa sababu hakuna aliyetueleza ni ya nini. Nimempigia tabibu wa kituoni. Amesema kesho nimpeleke mdogo wangu pamoja na bahasha hiyo, na barua ya rufaa ataiandika. Baba amekubali kusafiri nasi, ila kwa sharti kwamba habari za nyavu atamweleza daktari yeye mwenyewe.