Tupeane uzoefu: ulichaguaje amplifaya ya gitaa kwa ajili ya jukwaa na kurekodi nyumbani?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wapiga gitaa, naomba kila mmoja aeleze alivyofikia amplifaya anayoitumia sasa, hasa ninyi mnaopiga jukwaani na pia kurekodi nyumbani.

Ninaanza mimi. Nilinunua Fender Twin Reverb ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), yenye wati 85 na spika mbili za inchi 12, kwa kuamini kwamba wati nyingi ndizo zitakazonifanya nisikike mbele ya ngoma. Nilisikika, lakini katika kumbi ndogo sikuweza kuifungua hata nusu, ilhali ule mkwaruzo mtamu nilioutamani hutoka pale tu valvu zinapoanza kuelemewa. Baadaye nilielewa kwamba wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, na kwamba ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika wati takribani mara kumi. Sasa ninatumia ya wati 15 yenye spika moja. Ukumbi ukiwa mkubwa, tunaiwekea maikrofoni na kazi iliyobaki hufanywa na mitambo ya ukumbi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kosa langu lilikuwa tofauti kabisa. Wati zangu zilitosha, ila nilikuwa nikitengeneza sauti nyumbani usiku, kwa kiwango cha chini, kisha ninakwenda jukwaani na mipangilio ileile. Nyumbani gitaa lilisikika nene na lenye kung'aa. Jukwaani besi ilivuma mpaka ikamfunika mpiga besi, na nyuzi nyembamba zikawa zinachoma masikio. Nilibadilisha spika, nikabadilisha nyaya, nikailaumu amplifaya bila haki. Sababu ilikuwa katika sikio lenyewe: watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupunguza sana besi kuliko sauti za kati, hivyo mtu hujikuta akiziongeza besi na sauti kali bila kujua. Tangu hapo sinunui wala sipangi amplifaya kabla ya kuisikiliza katika kiwango kile nitakachopigia, pamoja na ngoma na besi, kwa sababu sauti za kati ambazo nyumbani zinaonekana kuwa nyingi mno ndizo zinazolipatia gitaa nafasi yake katika bendi.

Mchangiaji wa pili

Ninaomba niongeze tahadhari kwa wenye amplifaya za valvu. Nilitaka kurekodi usiku bila kuwasumbua majirani, nikachomoa waya wa spika, nikachukua sauti kutoka tundu la nyuma na kuendelea kupiga. Transfoma ya kutolea sauti iliungua. Amplifaya ya valvu haipaswi kuwashwa na kupigwa bila kuunganishwa na spika au kifaa kinachobeba mzigo wa umeme badala ya spika, na omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane na tundu unalotumia, ziwe 4, 8 au 16. Nilinunua kifaa hicho baada ya hasara. Kama ningekuwa ninachagua upya leo, ningetafuta amplifaya ambayo imejengewa mzigo huo ndani tangu kiwandani.

Mchangiaji wa tatu

Mimi niliacha amplifaya na kutumia kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya na spika zake, kikiingia moja kwa moja kwenye mikseri. Kurekodi kumekuwa rahisi. Jukwaani, hata hivyo, ninategemea kabisa spika ya kujisikilizia, na ikiwa mbovu sina pa kukimbilia.

Mwanzisha mada

Asante sana, ndugu zangu. Mchangiaji wa pili, je, sauti kupitia kifaa cha mzigo inakuridhisha kama ya maikrofoni?

Mchangiaji wa pili

Kwa gitaa la kusindikiza, ndiyo, ilimradi kompyuta iige sauti ya boksi la spika. Bila hivyo gitaa hulia kama nyuki. Kwa solo bado ninasubiri mchana, ninaweka maikrofoni ya Shure SM57 karibu na kitambaa cha spika, kati ya kitovu na ukingo, kisha ninaisogeza kidogo kidogo: kuelekea kitovu sauti hukolea ukali, kuelekea ukingo hupoa.