Tela la kulala futi 28, Ziwa Natron, Januari: joto tutaliweza?

Mpenda_Pori: Wakuu, habari za leo. Tuna tela la kulala la Kimarekani, futi 28, likiwa tupu ni kama kilo 3,000. Litavutwa na Land Cruiser 79. Tunatoka Dar katikati ya Januari, tulale siku nne Natron, wakubwa wawili na watoto wawili. Kule mchana hufika nyuzi 40. AC ya paani ni BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza), jenereta ni kVA 3 ya volti 230. Inatosha, au tutafute kubwa zaidi?

Fundi_Tabata: Mkuu, ukubwa wa jenereta si shida yako ya kwanza. Soma kibandiko cha AC: za Marekani huwa volti 120, hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Transfoma inashusha volti tu, hezi zinabaki 50 za jenereta yako. Kompresa inazunguka taratibu, inavuta ampea nyingi, inachemka, mwisho waya zake zinaungua. Ing'oe, funga ya volti 230 hezi 50. Tundu la paani kwa kawaida ni inchi 14 kwa 14, hivyo tafuta AC inayokaa humo usikate bati. Ivutie laini yake na breka yake ya umeme (swichi ya kukata umeme ukizidi) ya ampea 16. Laini hiyo isiunganishwe kabisa na mfumo wa zamani wa volti 120. Chaja ya betri ilishe kwa transfoma.

AC hiyo ikishatulia hula wati 1,500 hivi, ila ikiwaka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Ongeza kifaa cha kuiwasha taratibu, na kVA 3 itaibeba, mradi birika la umeme lisiwashwe wakati huohuo. Jenereta iwe mbali, upande upepo unakoelekea. Moshi wake ukiingia ndani mmelala, unaua bila kunusika.

Kivuli_Kwanza: AC peke yake haitoshi kwenye boksi la bati lililochomwa jua tangu asubuhi. Namna ya kuegesha ndiyo kazi kubwa. Januari jua la mchana Natron linapita upande wa kusini. Pua ielekee mashariki: mlango na turubai, ambavyo kwenye matela ya Marekani viko kulia, vitaangalia kusini na kukupa kivuli. Jua kali la saa tisa hadi kumi na mbili litapiga zaidi mgongo wa tela, sehemu fupi. Matundu ya friji mara nyingi yako kushoto, kwa hiyo yanabaki kwenye kivuli.

Madirisha yazibe kwa nje kwa karatasi ya kung'aa. Ukiziba kwa ndani, joto limeshapita kioo. Turubai likunje mapema, upepo wa jioni kule unavunja mikono yake.

Friji ya gesi inachoka hewa ikizidi nyuzi 38 hivi. Lisawazishe tela kwa pima maji, funga feni ndogo ya volti 12 nyuma ya friji kusukuma hewa juu, na ianze kupoa saa 24 kabla ya safari.

Dereva_Segera: Hesabu ya uzito haijakaa. 79 inavuta kilo 3,500. Maji lita 200 ni kilo 200, bado mitungi, vyakula, betri. Toka Dar tangi likiwa tupu, jaza kwenye mji mdogo wa Mto wa Mbu. Ya kunywa tenga lita 5 kwa kila mtu kwa siku, yaani 80 kwa siku nne, kwenye madumu ya pembeni.

Tufe la kuvutia la kwetu ni milimita 50, la tela kubwa la Marekani huwa inchi 2 na 5/16. Kikombe cha tela kikikaa juu ya tufe dogo, kitachomoka kwenye tuta. Breka za magurudumu ya tela ni za umeme, bila kidhibiti ndani ya gari hazishiki hata kidogo.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita badilisha hata kama kashata (meno ya tairi) ni nzima. Jaza upepo alfajiri tairi zikiwa baridi. Njiani utapanda, usiupunguze. Kaa kilomita 80 kwa saa.

Kuanzia Mto wa Mbu kupitia Engaruka kuna changarawe, mchanga na makorongo. Mkia wa futi 28 utakwaruza kwenye kila korongo. Ushauri wangu wa dhati: liache tela Mto wa Mbu, nendeni Natron na mahema usiku mmoja, mtoke alfajiri.

Mpenda_Pori: Asanteni sana. Mkuu Fundi, betri ni mbili za asidi, kila moja ya Ah 100 (kipimo cha umeme inaotunza), ziko kwenye sanduku la chuma mbele. Ziachwe hapo?

Fundi_Tabata: Zitoe kwenye jua. Joto linakausha maji na kufupisha maisha yake. Toboa sanduku chini na juu hewa ipite, lipake rangi nyeupe, na ukague maji yake kila asubuhi. Ongeza maji yaliyokenekwa (distilled) tu, siyo ya bomba.