Mjadala: Anayesema amepata nuru ya rohoni, tumwamini kwa lipi?

Mtoa hoja: Mtu akisema amefunuliwa ukweli wa mambo yote na nafsi yake ya zamani imeyeyuka, je, sisi tusiokuwamo moyoni mwake tuna wajibu wa kumwamini? Naona hatuna, na nasema hivyo bila kumwita yeyote mwongo. William James, mwanafalsafa wa Marekani, alilipambanua jambo hili vizuri katika mihadhara yake ya Edinburgh ya mwaka 1901 na 1902: hali hizo zina haki ya kumtawala aliyezipitia, lakini hazimlazimishi mwingine kuzipokea bila kuhoji.

Wanaodhani shaka ni maradhi ya watu wa leo wazitazame kanuni za watawa wa Kibudha. Vinaya, yaani mkusanyiko wa kanuni hizo, inasimulia kwamba njaa ilipoingia katika nchi ya Wavajji, watawa waliokaa kando ya mto Vaggumuda walishauriana namna ya kupata riziki, wakaafikiana kwamba kila mmoja amsifie mwenzake mbele ya waumini: huyu amefika daraja hii ya rohoni, yule amefika ile. Waumini wakawapa chakula ambacho wao wenyewe hawakukila wala kuwapa watoto wao. Msimu wa mvua ulipokwisha, watawa wa sehemu nyingine walifika kwa Buddha wamekonda na kusawijika, ilhali hao wa Vaggumuda walikuwa wamenawiri, ngozi zinang'aa. Ndipo ikawekwa kanuni kwamba mtawa anayejidai kwa uongo kuwa na daraja hizo hana tena nafasi katika utawa. Na hata aliyezifikia kweli amekatazwa kumtangazia mtu ambaye hajapokewa kikamilifu katika utawa. (Ni kanuni ambayo walimu wengi wa siku hizi wasingeiweza hata kwa wiki moja.)

Mchangiaji: Matapeli wapo, sibishi, lakini umechagua mfano unaokufaa. Ramana Maharshi, mwalimu wa rohoni wa Kihindu, alikuwa kijana wa miaka 16 huko Madurai, kusini mwa India, mwaka 1896, alipovamiwa na hofu ya kifo. Akajilaza sakafuni, akakakamaza viungo kama maiti, akajiuliza ni nani hasa anayekufa. Wiki chache baadaye aliondoka kwao akaenda Tiruvannamalai, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1950, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo hakusema neno. Huyo alikuwa akimuuzia nani nini? Tena, mgonjwa akimwambia daktari kwamba kichwa kinamuuma, daktari hana chombo cha kuyapima maumivu hayo, naye humsadiki. Sioni kwa nini ushuhuda wa maumivu ukubalike na ushuhuda wa utulivu ukataliwe.

Mtoa hoja: Kuhusu Ramana sina ugomvi, na nakiri kwamba hoja yangu haimgusi sana. Mfano wa mgonjwa, hata hivyo, unaniunga mkono mimi, kwa sababu anayeumwa kichwa hatutaki tumtii wala hadai kwamba maumivu yake yamemfundisha jinsi ulimwengu ulivyo. Nikisadiki kwamba mtu ametulia, sijasadiki bado kwamba anajua. Hata vipimo vya ubongo ambavyo watu hupenda kuvitaja, kama ule utafiti wa mwaka 2004 uliokuta mawimbi makali ya gama (mawimbi ya umeme ya ubongo yaendayo kasi) kwa watawa waliozoea kutafakari kwa miaka mingi, vinaonyesha kwamba ubongo wao unafanya kazi kwa namna ya pekee. Kwamba walichokiona ni kweli ni suala jingine kabisa.

Mkanganyiko huo una gharama. Shoko Asahara, kiongozi wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo huko Japani, alidai kwamba alipata nuru ya mwisho katika milima ya Himalaya mwaka 1986. Wafuasi wake hawakuwa mbumbumbu: miongoni mwa waliotoboa mifuko ya sumu ya sarini katika treni za Tokyo tarehe 20 Machi 1995 alikuwamo daktari bingwa wa upasuaji wa moyo.

Mchangiaji: Basi tuambie, wa kweli utamtambuaje?

Mtoa hoja: Huenda nisimtambue. Ningeanza kwa kuuliza ni nani anayeruhusiwa kumkosoa, na wa mwisho aliyetaka kuondoka alipatwa na nini. Katika kundi la Asahara jibu lilikuwapo tangu mwaka 1989, miaka sita kabla ya treni zile: mfuasi aliyetaka kujitoa aliuawa.